Mtumbwi Mmoja Ubaki Katikati

Papa,

Ni mimi, Solange. Naandika nimesimama, kwa sababu nikikaa tu Plamedi anaamka mgongoni. Karatasi nimeiweka juu ya kabati lako la misumari na kamba, lile ulilokataza tusiliguse. Nimeligusa. Unisamehe, hakuna kitu kingine hapa nyumbani kilicho sawa na kimo changu.

Ulizoea kucheka Kiswahili changu cha barua. Ulisema nikishika kalamu ya bic nasema kama padri siku ya Pasaka. Bon, cheka tena. Sina kingine.

Kuna jambo sijakuambia. Miezi mitatu hii nimekuja kaburini kwako mara nne. Nimepalilia majani, nimekuambia Plamedi ameota meno mawili, nimekuambia mvua imeng'oa bati la jikoni na baba Plamedi atalirudisha siku atakayopata ruhusa kule uwanja wa ndege wa Bangboka, maana sasa wanabeba mizigo ya ndege hata siku ya Mungu. Yote hayo nilisema. Lile moja sikulitoa, mdomo ulikataa. Labda mkono utakubali. Lakini mkono nao unataka kuanza mbali kidogo, kwa hiyo univumilie.

Unakumbuka siku Monsieur Trésor alipokuja kivukoni kwetu Mangobo na simu tano ndani ya mfuko wa plastiki? Mwanafunzi wa informatique, mambo ya kompyuta, viatu vyeupe, na matope yote yale. Antena ya ng'ambo ilikuwa imelala tena kama ilivyozoea kulala, na watu wa kule walikuwa wanapanda juu ya kichuguu na kuinua simu juu, wakitafuta rezo. Akatuambia: simu haihitaji antena ili iongee na simu nyingine iliyo karibu. Ya kwanza inampa neno ya pili, ya pili inampa ya tatu, hivyo hivyo, mpaka neno lifike kwa mwenyewe. Na kama mbele hakuna simu, ile yenye neno inalishika, inangoja, hata siku nzima, mpaka ikutane na nyingine. Mtu hahitaji kufanya kitu, simu iwake tu na aplikasio iwe ndani.

Wapiga kafi wakacheka. Papa Bosco, rafiki yako wa tangu ujana, ndiye alicheka zaidi. "Alors, bibi yangu akinitukana, matusi itapita kwa simu ya watu yote?"

Wewe hukucheka. Ulikuwa unatoa maji ndani ya mtumbwi na kopo. Ukauliza bila kuinua kichwa: "Na kama hakuna mutu kati ya mayi?"

Monsieur Trésor akasema, hapo inakatika. Akasema hiyo ndiyo shida yenyewe, ndiyo anaandikia kazi yake ya kumaliza masomo: watu wanatembea, simu zinatembea nao, na njia iliyokuwepo sasa hivi, ukipepesa jicho haipo. Akatoa karatasi yenye vidoti na mistari. Ukaishika kichwa chini miguu juu, maana kusoma hukusoma, ukaitazama muda mrefu, halafu ukamrudishia: "Mwana, rezo yako inakosa kitu moya. Haijue siku ya soko."

Nilikuwa pale na beseni langu la mikate ya mafuta, tumbo la Plamedi ndiyo kwanza linaanza kuonekana. Nilidhani unafanya mzaha. Kumbe ulikuwa umeelewa kuliko sisi wote. Ulijua siku ya soko mto umejaa mitumbwi, neno litaruka lenyewe kutoka mmoja hadi mwingine. Ulijua Jumapili baada ya misa hakuna mtu juu ya maji. Ulijua mvua ikiwa inakuja upande wa Tshopo kila mtu anakimbilia ukingoni. Mwanafunzi alikuwa na vidoti, wewe ulikuwa na watu, na kila mtu ulijua saa anapopita.

Ndiyo ukaanza kupanga. Ulifunga simu ndani ya plastiki ngumu, ukaipandisha juu ya mwanzi nyuma ya mtumbwi, kwa sababu ulipoilaza chini karibu na maji neno lilikufa mapema, na ulipoiinua lilikwenda mbali. Hakuna aliyekufundisha hilo. Ulijaribu tu, asubuhi nzima, na Papa Bosco anakupigia kelele kutoka ukingoni: "Imefika! Haiyafika! Inua tena, weye mufupi!" Halafu ukapanga zamu. Mtumbwi mmoja ukienda, mwingine unarudi, na wa tatu unabaki katikati, umefungwa kwenye kile kijiti ulichokipigilia mwenyewe kwenye fungu la mchanga. Mwenye zamu ya katikati anavua samaki na mshipi ili siku yake isipotee. Wengine walilalamika. Ukawaambia: "Moya ibakie kati. Mengine mufanye vile munataka."

Na upande wa ng'ambo ulimpa simu mdogo wangu Nadège. Nyumba ya mume wake iko juu kwenye kilima cha ukingo, hakuna mti mbele yake, inaona maji yote. Simu yake ilining'inia pembeni ya paa pamoja na ile sahani ndogo ya jua ya kuchaji. Kila neno la kule lilipita kwake: kutoka kwa Mama Véro, mkunga wa kituo cha afya, kwenda kwa watu wa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, kutoka kwao kwenda kwa Nadège, halafu majini. Na la kwetu hivyo hivyo kurudi. Ulisema Nadège ndiye mlango. Alifurahi sana. Mtoto wa mwisho, hajawahi kupewa kitu cha kulinda. Kila asubuhi alikuwa ananitumia mimi dada yake mkubwa: "Yaya, mlango iko wazi."

Mwanzo watu walitumia kwa upuuzi tu. Makayabo, ile samaki ya chumvi, imeshuka bei ao bado. Mpira umeisha ngapi. Yule muuza mafuta wa Mangobo alikuwa anatuma maneno ya mapenzi kwa mwanamke wa ng'ambo, na wewe unamvusha bila kujua umebeba nini. Nilipokuambia, ulicheka mpaka ukakohoa. "Mimi ni mufuko," ulisema. "Mufuko hausome barua."

Halafu ikaja siku ya mtoto wa degedege, yule wa fundi viatu. Neno la Mama Véro lilivuka hata kabla hajamaliza kumfunga kitambaa cha maji, na mtumbwi ukawa unamngoja ukingoni. Mtoto yule yuko, Papa. Juzi alinirushia kokwa la embe. Toka siku ile hakuna aliyecheka tena. Ulikuwa unapita nyumba kwa nyumba kama mkaguzi: nani amezima simu, nani ameacha simu ijihurumie betri mpaka ikailaza aplikasio. "Usizime!" Hata mabibi wa soko walikuwa wanakuiga sauti. "Usizime! Usizime!" Na wewe unajifanya umekasirika.

Nafika sasa.

Ulianguka asubuhi, pale pale ukingoni, mkono mmoja bado uko kwenye mwanzi. Papa Bosco alikubeba kwanza, halafu wengine. Mimi nilikuja nakimbia, ziwa moja nje, Plamedi analia ameshika nguo, na wewe ulikuwa umeshakwenda. Sitasema mengi juu ya hapo.

Neno la kifo chako nilimwandikia Nadège mimi mwenyewe, na lilivuka kwa mtumbwi wako. Mtumbwi wako ulimpelekea mtoto wako habari yako. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na wewe ndiye uliyetufundisha tangu wadogo: mwanamke mwenye mimba haendi kwenye maiti, hata ya mzazi. Kwa hiyo alibaki. Alinijibu maneno matatu: "Yaya, umulalishe vizuri."

Umulalishe vizuri. Mama alituacha Nadège akiwa hajaota meno, mimi ndiye nilimbeba mgongoni kama ninavyombeba huyu sasa. Hakuna kitu alichoniomba nikakataa. Nikasema nitakulalisha vizuri kuliko mpiga kafi yeyote aliyewahi kufa Mangobo.

Desturi unaijua. Mpiga kafi akifa, mitumbwi ya kivuko chake inavutwa juu na kugeuzwa matumbo juu mpaka matanga yaishe. Siku tatu. Waliivuta yote, yetu na ile ya wenzetu wa ng'ambo, maana nao walivuka kuja kukulilia na kugeuza yao hapa hapa kwetu. Ilikuwa mizuri kutazama, Papa. Imepangwa mstari mmoja, myeusi yote, kama watu wamepiga magoti.

Jioni ya kwanza Papa Bosco alikuja nilipokaa juu ya mkeka. Alichuchumaa. Akasema polepole ili wengine wasisikie: "Solange mwanangu, moya ibakie kati. Marehemu mwenyewe angesema vile."

Na mimi, Papa, unajua nilimjibu nini? Nilimwambia kwa sauti, wamama wote wanasikia: "Papa Bosco, munataka watu waseme mulikuwa munavua samaki, na papa yangu iko ndani ya sanduku?"

Alinitazama. Angeweza kunijibu. Mwanaume wa umri wako, na mimi mtoto niliyekula kwenye sahani yake. Lakini nilikuwa mwenye kufiwa, na mwenye kufiwa habishiwi. Aliinamisha kichwa, akaenda, nikasikia wanauvuta na ule wa mwisho.

Haikutosha. Wakati wa rozari simu zililia mara mbili, tatu, ndani ya mifuko ya watu, na ile sauti ilinichoma. Nikachukua beseni langu la mikate, nikapita kati ya watu kama mwenye kukusanya sadaka. Kila mpiga kafi aliweka simu yake ndani, imezimwa. Na yako. Nikazisukuma chini ya kitanda. Wewe uliyepita nyumba kwa nyumba kusema usizime, mimi binti yako nilizizima zote kwa heshima yako.

Siku ya pili mchana mtu mmoja alisema ng'ambo kuna mtu anapunga kitu cheupe, shati ao shuka. Mto ni mpana, unajua, mtu anakuwa kama sindano. Mama mmoja akasema, "Wanamulilia kwa mbali, maskini." Tukainua vitambaa vyetu na sisi. Tuliwapungia, Papa. Tuliwapungia.

Siku ya tatu tulioga, tukanyoa, matanga yakaisha kama saa nne asubuhi. Nikarudisha simu kwa wenyewe. Yako ikafungwa kwenye mwanzi, na Papa Bosco akausukuma mtumbwi wako majini kabla ya mingine yote, kwa heshima. Tulisimama wote ukingoni tukamtazama. Alipofika kwenye kile kijiti chako, simu zikaanza kulia. Moja, halafu nyingine, halafu zote kwa mara moja, mstari mzima wa watu. Watu wakapiga makofi! Mtu mmoja akasema, "Mzee amerudi kazini!" Nikacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilicheka toka ulipoondoka, na Plamedi akacheka kwa kuniona nacheka.

Halafu nikasoma. Yalikuwa matatu, ya Mama Véro, yote yamefika pamoja.

La kwanza: "Nadège ameshikwa na uchungu mbele ya wakati. Mutoto amekaa vibaya. Mutume mutumbwi."

La pili: "Mutume mutumbwi."

La tatu: "Musitume tena."

Papa.

Nilitaka kuacha mstari hapa niende kufua. Nimerudi.

Alikuwa mvulana. Aliishi muda wa kusema jina lake, na jina walilompa ni lako, kama Nadège alivyokuwa ameahidi. Walijaribu kumpeleka kwa njia ya nchi kavu, kwa baiskeli ya toleka, mpaka kule feri inapovuka, lakini mvua ilikuwa imekula barabara na wakarudi. Antena ilikuwa imelala, na ukingoni mwao hapakuwa na hata mtumbwi wa kuvulia samaki. Yote ilikuwa kwetu, imepiga magoti. Na neno la Mama Véro lilikuwa limefika mpaka kwa Nadège mwenyewe, kwenye simu yake inayoning'inia paani, juu ya kichwa chake alipokuwa amelala. Lilikaa pale. Liliangalia maji, hakuna mtu kati.

Nilivuka siku ile ile. Nadège alikuwa amekaa nje ukutani, miguu imenyooka, kama wanavyomkalisha mzazi mpya, ila mikono iko mitupu. Plamedi alisikia njaa akaanza kulia, na maziwa yangu yakatoka yenyewe, yakalowesha nguo yote mbele yake. Sikujua nijifunike na nini. Alinitazama kifuani, akamtazama mtoto. Akasema: "Yaya, mupeleke mutoto kwenye kivuli." Ni hilo tu. Angenitukana ningepumua.

Hakuniuliza nani aliyesema mitumbwi yote ivutwe. Nadhani anajua. Kivuko kizima kinajua. Wakati naondoka nilimwona mume wake anapanda juu ya kiti, anaishusha ile simu paani. Alikuwa anafanya aliloambiwa na mke wake.

Toka siku ile mlango umefungwa, Papa.

Nimejaribu. Nataka ujue nimejaribu. Nilimpa simu mtu mmoja wa toleka, lakini toleka haikai, asubuhi iko ukingoni, mchana iko kilomita ngapi sijui, na neno linakwenda naye kutembea. Niliiweka kwa jirani wa Nadège, nyumba iko chini, miti ya michikichi mbele, haioni kitu. Niliipandisha kwenye kanisa lao dogo, ikaungua jua kwenye mabati, ikavimba. Mitumbwi ya kwetu inakwenda na kurudi, neno linafika mpaka kati, na pale linasimama. Mara linavuka, mara halivuki. Siku mbili linavuka na watu wananiambia, "Unaona, Mama Plamedi, imepona!" Siku ya tatu kimya. Hiyo ndiyo mbaya kuliko yote, kwa sababu watu wanaanza kulitegemea tena.

Nilimpigia Monsieur Trésor, siku hizi yuko Kinshasa. Alinihurumia sana. Akaniambia ni kawaida, mmoja akitoka wengine wanamzunguka, rezo itajitafutia njia nyingine. Nilimwambia ahsante. Sikumwambia kwamba njia nyingine hakuna, kwamba kilima ni kimoja, na juu ya kilima iko leki yangu, mdogo wangu mwenyewe.

Na maji yanapanda. Mama Véro alivuka wiki jana kununua glavu, akanisimamisha sokoni. Kwake kuna matumbo matatu, akaniambia, na moja ni la msichana mdogo sana, nyonga kama za mvulana. Aliniachia tu hiyo nibebe. Nilirudi nyumbani nikaangalia simu yako na sikujua niifanye nini. Mimi ninajua kukanda unga. Nilimaliza ya sita na mwaka mmoja wa sekondari. Siku zingine nakaa na beseni langu kivukoni, na kila mwanamke mwenye tumbo anayepita natamani kumwomba msamaha kabla.

Nilikwenda kwa Nadège mara tatu tena. Ananipokea. Ananipa kiti, ananipa maji. Anaulizia Plamedi, ambaye sasa namwacha kwa jirani. Ninapokaribia kusema, anasimama anakwenda kugeuza mihogo juani. Sijui kulazimisha. Wewe ungekuja na samaki mmoja mkononi, ungekaa, ungesema upuuzi mpaka acheke. Mimi nikikaa naye, tunakuwa watu wawili walioshika kitu kizito kila mmoja upande wake, na hakuna anayesema tukiweke chini.

Basi nikafanya kitu kimoja, na sijui kama utakasirika. Nilimwendea Papa Bosco. Niliinama mbele yake, mbele ya wapiga kafi wote, nikamwambia kile nilichomjibu juu ya mkeka nakiondoa. Alininyanyua. Alisema, "Wacha, mwanangu. Na mimi nilikuwa na mudomo, sikuutumia." Halafu nikamwomba zamu ya katikati, ya mchana, ile ambayo wanaume hawaitaki kwa ajili ya jua.

Walicheka kidogo, unawajua. Mwanamke kati ya mto na mtoto mgongoni! Sasa kila wanapopita wananipigia kelele: "Mama Plamedi, unavua samaki ao unavua rezo?" Nawajibu navua bwana mwenye akili, bado sijampata kwenye kivuko hiki. Papa Bosco amenifundisha kufunga kamba kwenye kijiti chako na kukaa bila kuupinda mtumbwi. Bado naogopa maji. Plamedi haogopi, anataka kuyashika.

Simu yako inaonyesha ni simu ngapi ziko karibu. Kwa kawaida ni tatu: yangu, ya mtumbwi unaokwenda, ya mtumbwi unaorudi. Kila mchana naandika neno moja kwa Nadège. Siandiki kuomba msamaha, barua ya msamaha haiwezi kuandikwa kwa kidole gumba. Naandika: "Leki, niko kati." Kesho tena: "Leki, niko kati. Leo jua kali." Simu inayashika, hayana pa kwenda. Yamejaa ndani, moja juu ya lingine, kama samaki ndani ya kikapu.

Papa, sikiliza hii, ndiyo iliyonifanya nitafute karatasi.

Jumamosi, siku ya soko, nilikuwa pale kijitini. Nilikuwa namnyonyesha Plamedi, sitazami kitu. Simu yako juu ya mwanzi ikalia. Nikainua macho. Namba ilikuwa nne. Nikadhani ni mvuvi anayepita, nikageuka pande zote, mvuvi hakuna. Nikashusha mwanzi kwa mkono mmoja, karibu nipinduke. Maneno yangu yote yalikuwa yanaondoka. Yote, moja baada ya jingine, kila moja linapata ile alama yake ya kufika, tangu la kwanza mpaka la siku ile. Nilitazama kilimani. Kwa mbali vile huoni mtu, unaona paa tu, na kitu kidogo pembeni ya paa, labda kivuli.

Halafu namba ikarudi tatu.

Hakujibu. Jumapili kimya, leo kimya. Labda mume wake aliiwasha tu kuangalia saa. Labda aliyasoma na akaizima kwa hasira, ana haki. Sijui, Papa. Sina mtu wa kuniambia. Ila maneno yangu sasa yako kwake, hayako tena mkononi mwangu, na nilirudi ukingoni nikapiga kafi mwenyewe kwa mara ya kwanza, vibaya, nazunguka zunguka, na Papa Bosco ananicheka kutoka kule: "Nyoosha! Nyoosha, weye mufupi kama papa yako!"

Barua hii nitaikunja ndogo niiweke nyuma ya simu yako, ndani ya ile plastiki ngumu, juu ya mwanzi. Itakwenda na kurudi pale majini mpaka ikutane na wewe. Mwambie Mama nampenda. Na yule mdogo mwenye jina lako, kama yuko karibu, mpakate. Mwambie shangazi... hapana, mama yake mkubwa alifanya kosa. Mwambie kwa upole, wewe unajua kusema.

Nakuahidi moja, sina nguvu ya kuahidi mawili. Kesho nitakuwa kijitini, na kesho kutwa. Na nimeshamwambia Papa Bosco na wapiga kafi wote, wamekubali kwa kuinua kafi: mtu akifa tena kivukoni, hata akiwa ni Papa Bosco, hata nikiwa ni mimi, mitumbwi ivutwe na igeuzwe, watu walie wanavyotaka, lakini mmoja usivutwe. Watakaokuja kutushangaa watushangae.

Lala sasa, Papa. Zamu yako imeisha. Kati iko mutu.

Mtoto wako,
Solange